ACK Haina Maana ya "Nimetenda": Kwa Vijana Wanaoanza Kuongoza Rekoda za Kanda

Wiki iliyopita nilisimama nyuma ya kiti cha kijana mmoja ninayefanya naye kazi, nikasoma juu ya bega lake programu fupi aliyokuwa karibu kuiendesha. Mistari yake haikuzidi kumi na miwili. Ilifungua poti ya seriali, ikaweka kasi, kisha ikaingia katika kitanzi kinachohesabu kutoka 00 hadi FF, na kwa kila hesabu ilikuwa itume amri moja ya kundi la 2 kwa rekoda ya Betacam SP (aina ya kanda za video) iliyokuwa ikinguruma mezani, isubiri jibu, yaani ACK ("nimepokea") au NAK ("nimekataa"), na iliandike jibu hilo katika faili. Nilimuuliza anatafuta nini. Akanijibu kwa uchangamfu kwamba anataka kujua mashine hii inakubali amri zipi, maana mwongozo tulio nao umepotelewa na kurasa kadhaa. Nikamuuliza kaseti iliyomo ndani ni ya nani. "Ya majaribio tu, kaka." Nikamwomba aitoe tuione. Aliitoa, akaigeuza, akasoma lebo, akanyamaza. Haikuwa ya majaribio.

Sikumkaripia, kwa kuwa kitanzi kile nakifahamu vizuri. Niliwahi kukiandika mwenyewe, karibu herufi kwa herufi, na mimi sikuwa na mtu nyuma ya kiti changu. Basi nimeona niyaandike haya kabla mwingine hajakibuni kwa mara ya tatu, kwa sababu inaelekea kila anayeingia katika kazi hii hukibuni upya na hujiona mwerevu anapokibuni.

Nachukulia kwamba mnajua baiti ni nini, mmeshaishika kebo ya pini 9, na mnaelewa tofauti ya kanda mama na nakala yake. Nitazungumzia zaidi itifaki ya Sony ya pini 9, kwa kuwa ndiyo iliyoenea kuliko nyingine: mtaikuta katika baadhi ya mashine za U-matic za studio, katika ukoo wa Betacam, katika rekoda za DAT (kanda za sauti za dijiti) kama PCM-7030, na hata katika rekoda za diski zilizokuja baadaye zikajifanya mashine za kanda ili vidhibiti vya zamani vizikubali.

1. Anzeni na kebo, na msiamini macho yenu. Kiunganishi kilicho nyuma ya rekoda kinafanana kabisa na kile cha kompyuta za zamani, na hapo ndipo mtego ulipo. Kompyuta inazungumza RS-232, ambamo kila ishara hupimwa dhidi ya waya mmoja wa ardhi. Rekoda inazungumza RS-422, ambamo kila upande una jozi ya waya, A na B, na kinachosomwa ni tofauti ya volti baina ya waya hizo mbili. Ndiyo maana RS-422 huweza kusafiri hadi mita 1,200 hivi, ilhali RS-232 kwa desturi huhesabiwa mita 15. Kebo inaingia, skrubu zinakaza, taa zinawaka, na hakuna kinachotokea, kwa sababu mmewakutanisha watu wawili waliovaa sare moja lakini hawasemi lugha moja. Mnahitaji kigeuzi kati yao. Kwenye rekoda, pini 2 na 7 ndizo zinazotuma, nazo 3 na 8 ndizo zinazopokea. Watengenezaji wa vigeuzi, kwa bahati mbaya, hawajakubaliana ni waya upi uitwe A na upi uitwe B, hivyo mkipata mvua ya baiti zisizo na maana ilhali mipangilio yote ni sahihi, badilishaneni waya hizo mbili kwanza kabla ya kufungua kifuniko cha mashine. Nimewaona watu wazima, mimi nikiwa mmoja wao, wakibadilisha bodi nzima ya umeme kwa kosa la waya mbili zilizopishana.

2. Mipangilio ni kasi ya 38,400, biti 8 za data, pariti witiri, na biti 1 ya kusimama. Pariti ni biti ya ziada ya kukagua kila baiti, na neno la kushikilia hapo ni witiri. Programu nyingi za leo hufungua poti bila pariti yoyote, na mtu aliyezoea vifaa vya kisasa huona kwamba pariti ni mapambo ya wazee. Rekoda haioni hivyo.

Kuhusu umbo la amri sitasema mengi. Baiti zote hapa nimeziandika kwa heksadesimali, yaani hesabu ya tarakimu kumi na sita, 0 hadi 9 kisha A hadi F. Baiti ya kwanza hubeba mambo mawili: nusu ya juu ni kundi la amri, na nusu ya chini ni idadi ya baiti za data zitakazofuata. Baiti ya pili ni amri yenyewe, kisha data kama ipo, na mwisho ni jumla ya baiti zote zilizotangulia, ikikatwa ibaki baiti moja. Kusimamisha ni 20 00 20. Kucheza ni 20 01 21. Kurekodi ni 20 02 22. Ziangalieni amri hizo tatu kwa muda, muone jinsi zilivyokaa bega kwa bega, kwa sababu nitazirudia.

Kabla sijazirudia, kuna kisa kidogo. Dada mmoja aliyejiunga nasi aliniita akiwa amekata tamaa, akasema mashine imekufa, kwani kila akiiambia icheze inamrudishia 11 12 04 27. Mashine iliyokufa haijibu, nikamwambia, hii inalalamika. Jibu la 11 12 ni NAK, na baiti inayofuata hueleza kosa biti kwa biti. 04 maana yake jumla haikulingana. Tulipotazama kilichotoka kwenye poti tukakuta kwamba alikuwa ametuma maandishi, yaani herufi "2", kisha "0", kisha nafasi, na kuendelea. Herufi "2" ni baiti 32, na rekoda, kwa adabu yake yote, ilisoma kwamba ni amri ya kundi la 3 yenye baiti mbili za data, ikala herufi tatu zilizofuata, ikajumlisha ikapata B2, ikakutana na herufi "1" ambayo ni 31 mahali ambapo jumla ilipaswa kuwa, na ikakataa. Tulicheka sana. Baadaye nilimwambia kwamba amepata bahati kubwa: kosa lake lilikuwa la aina ambayo mashine inaweza kulikamata. Makosa yanayouma ni yale ambayo jumla yake inalingana.

3. Hapa nitakawia, mnivumilie.

Nilikuwa na miezi minne kazini. Nilikuwa nimejua kucheza, kusimamisha na kurudisha nyuma kwa programu niliyoiandika mwenyewe, na nilikuwa katika ile hali ambayo kila fundi huipitia mara moja, ya kuamini kwamba mashine na mimi tumeelewana. Ndani ya rekoda mlikuwa na mahojiano ya mzee mmoja fundi saa, aliyekuwa ameketi mbele ya meza yake ya kazi akieleza namna alivyotengeneza saa za mkono kwa miaka mingi. Mzee alikuwa ameshafariki. Kanda ilikuwa moja tu, bila nakala, na kazi yetu ilikuwa kuinakili kesho yake asubuhi. Niliiacha ndani ya mashine kwa sababu nilikuwa nimeitumia kukagua picha, na kuitoa kulihitaji ninyanyuke.

Kwenye ingizo la video la rekoda hiyohiyo tulikuwa tumeunganisha jenereta ya majaribio, ile inayotoa milia ya rangi pamoja na mlio wa kilohezi 1, maana mchana tulikuwa tukirekebisha viwango. Hilo nalo sikuliondoa, kwa sababu ileile.

Nikaandika kitanzi. Nilikuwa mwangalifu, au ndivyo nilivyojiona: niliweka kituo cha sekunde 30 baina ya amri na amri ili nipate muda wa kuandika katika daftari kile ninachokiona. Nikakiendesha. Amri 00: mashine ikasimama, na skrini ikaonyesha milia ya rangi. Hilo lilikuwa sahihi, kwani rekoda nyingi zikiwa zimesimama hupitisha tu ishara ya ingizo hadi kwenye skrini. Nikaandika "00, inasimama". Amri 01: mzee akatokea, akainua saa, akaanza kuzungumza. Nikaandika "01, inacheza". Amri 02: mzee akatoweka na milia ya rangi ikarudi.

Daftari hilo ninalo mpaka leo, na mwandiko ni mzuri, hauna papara hata kidogo. Nimeandika "02, nayo inasimamisha".

Nataka muelewe vizuri kilichonidanganya. Katika paneli ya mbele ya mashine ile, kurekodi kunahitaji vidole viwili: unashika kitufe chekundu na unabonyeza cha kucheza kwa pamoja. Walioiunda walijua kwamba mkono wa binadamu huteleza. Kwenye waya hakuna vidole viwili. Amri ni moja, nayo ni jirani wa karibu wa amri ya kucheza, na mashine haiulizi kama una hakika. Nayo picha ya mashine inayorekodi milia ya rangi na picha ya mashine iliyosimama ikipitisha milia ya rangi ni picha moja. Tofauti ilikuwa kwenye taa ndogo nyekundu na kwenye kihesabio, na mimi macho yangu yalikuwa daftarini, nikitafuta kalamu niliyoiangusha.

Sekunde 30 zikapita. Amri 03 ikatoka, ikajibiwa NAK. Nikaandika "03, haijulikani". NAK haisimamishi chochote. Mashine inakataa amri mpya na kuendelea na ile iliyo nayo. Nilipoinua kichwa kuangalia saa ya ukutani nikapitiwa na kihesabio cha rekoda, nikaona kinasonga, na kilikuwa kinasonga kutoka sifuri. Nilibonyeza STOP. Haikusimama. Nilibonyeza tena, kwa nguvu, kana kwamba nguvu ingesaidia. Swichi ilikuwa kwenye REMOTE, na kwa jinsi mashine ile ilivyopangwa, paneli nzima ilikuwa imefungwa. Nilihitaji sekunde kadhaa kulikumbuka hilo, kuigeuza swichi hadi LOCAL, na kubonyeza tena.

Jumla ilikuwa sekunde 52.

Nilirudisha kanda nyuma na kuicheza, nikiwa bado na tumaini la kijinga. Mzee anainua saa hadi sikioni. Anasema kwamba jino la gurudumu likiwa limelika, huhitaji kulitazama, ukisikiliza vizuri utasikia, na hapo milia ya rangi inaingia na mlio wa kilohezi 1 unaanza. Mlio ule ukiusikiliza kwa sekunde 52 unakuwa mrefu sana. Milia inapoondoka, mzee anaweka lenzi mezani, anacheka, na kusema, "Ndiyo hivyo tu, hakuna siri nyingine." Alichokieleza katikati ndicho alichofuatwa na kamera kukieleza.

Nilikwenda kwa msimamizi wangu nikiwa nimebeba kaseti mikononi kama mtu aliyebeba ndege aliyekufa. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakuniuliza kuhusu programu, wala kitanzi, wala itifaki. Aliigeuza kaseti, akakigusa kile kizibo chekundu kinachozuia kurekodi, akaniuliza kwa nini hakijabonyezwa. Kisha akachukua ncha ya penseli akakibonyeza, kikaingia kwa mlio mdogo, akanirudishia. Kazi nzima hiyo ilichukua sekunde moja. Kwa kizibo hicho kuwa ndani, amri 02 isingefanya lolote, hata kama ningeituma mara mia.

Aliyekuja kuchukua nakala alikuwa binti wa mzee. Niliomba niwe mimi wa kumweleza. Aliitazama ile sehemu, akauliza kama hiyo milia ina maana yoyote, nikamwambia ina maana kwamba nilikosea. Akaniuliza baba yake alikuwa akisema nini hapo. Nilikuwa nimekagua picha asubuhi ile, lakini nilikuwa nimezima sauti.

Haya, kwa hiyo: kizibo. Kaseti ya Betacam SP, kibonyezeni kiingie. Ya U-matic, kitoeni kabisa kile kibonyezo chekundu cha chini. Ya DAT, sogezeni kilango kiwe wazi. Fanyeni hivyo kaseti ikiwa bado mkononi, kabla haijaukaribia mlango wa mashine, na msiniambie kwamba mtaifanya baada ya kuangalia kitu kimoja tu. Ya pili, chomoeni ishara ya ingizo kwenye mashine yoyote inayosoma kanda mama. Ya tatu, programu ya kunakili haina sababu yoyote ya kuijua amri 20 02. Ifuteni humo, isiwepo hata kama maoni.

4. Jibu la 10 01 11 ndilo ACK, na ACK husema kwamba ujumbe umefika mzima na umetambuliwa. Haisemi kwamba kazi imefanyika, wala imeanza, wala itawezekana. Mkiiambia mashine icheze, inajibu ndani ya milisekunde 9, na wakati huo kanda haijasogea hata unywele. Inabidi ngoma ya vichwa izunguke kwa kasi yake, kanda ivutwe na kukazwa, na servo, yaani mfumo unaosawazisha mwendo, ishike. Vijana wengi huandika programu inayotuma amri ya kucheza, ikapata ACK, na papo hapo ikaanza kunasa. Kisha wananiletea nakala ambazo zote zinaanza na picha inayotapatapa na sauti inayovutwa kama mtu anayeamshwa usingizini, wakiniuliza kama vichwa vimechakaa.

Kuuliza si ujinga, na itifaki hii imejaa njia za kuuliza. Tumeni 61 20 03 84, mtapata baiti tatu za hali ya mashine. Katika baiti ya kwanza, biti 5 husema kwamba kaseti haimo, na biti 0 husema kwamba mashine iko kwenye LOCAL. Katika ya pili, biti 0 ni kucheza, biti 1 ni kurekodi, biti 5 ni kusimama. Katika ya tatu, biti 7 ni ile ya servo kushika, na hiyo ndiyo ya kuisubiri kabla ya kuanza kunasa chochote. Programu iliyo sawa huuliza hali kila fremu na kutoa amri mara chache. Programu za wageni hufanya kinyume chake, zinaamuru bila kukoma na haziulizi kamwe. Laiti kitanzi changu kingekuwa kimeuliza hali mara moja tu baada ya amri 02, biti 1 ingekuwa inawaka pale mbele yangu kwa herufi kubwa.

Na hili la LOCAL limeshakula siku nzima za watu. Mashine iliyo kwenye LOCAL hujibu maswali yote kwa ufasaha, inawapa hali na wakati, ila haisogei. Mtu huamini kwamba mawasiliano ni mazima, kwa hiyo tatizo lazima liwe kwenye mota. Angalieni swichi.

5. Mkitumia kigeuzi cha USB chenye chipu ya FTDI, ingieni kwenye mipangilio ya draiva mpunguze muda wa kusubiri kutoka milisekunde 16 hadi 1. Bila hivyo jibu ambalo mashine imelitoa kwa wakati litawafikia likiwa limechelewa, na mtailaumu rekoda yenye umri mkubwa kuliko wenu kwa uvivu wa kifaa kilichonunuliwa juzi.

6. Baiti za amri moja zisipishane kwa zaidi ya milisekunde 10. Tumeni amri nzima kwa mkupuo.

7. Msiache mashine imesimama huku kanda imezungushiwa ngoma na ngoma inazunguka. Vichwa vinasugua palepale. Kama mnakwenda kula, tumeni 20 04 24, kanda ilegee. Vichwa vya mashine hizi ni vigumu kupatikana kuliko nyinyi, na nasema hivyo kwa upendo.

8. Msimbo wa wakati, yaani namba za saa, dakika, sekunde na fremu zilizorekodiwa kwenye kanda. Hapa kila mtu hukosea mara mbili, mara ya kwanza katika mpangilio na mara ya pili katika namba. Mkiuliza wakati kwa 61 0C 01 6E, jibu huja kinyumenyume: fremu, sekunde, dakika, saa. Mkitaka kuipeleka mashine kwenye 01:02:03:04 kwa amri ya 24 31, baiti za data ni 04 03 02 01. Nazo namba zimeandikwa kwa BCD, tarakimu kwa tarakimu, hivyo sekunde 25 ni baiti 25 katika heksadesimali, wala si 19. Kosa hili lina ujanja wake, maana kuanzia 0 hadi 9 mifumo yote miwili inakubaliana, na kijana hujaribu programu yake kwenye sekunde tisa za kwanza za kanda, anaona inafanya kazi, anakwenda nyumbani. Asubuhi mashine inakimbilia mahali ambapo hakuna aliyeiomba ifike.

Kwenye kanda za mfumo wa televisheni wa NTSC kuna pia msimbo unaoruka namba. Kwa kuwa fremu hupita 29.97 kwa sekunde na si 30 kamili, namba 00 na 01 za fremu huachwa mwanzoni mwa kila dakika, isipokuwa kila dakika ya kumi. Picha hazipotei, zinazorukwa ni namba tu. Biti 6 ya baiti ya fremu ndiyo inayowaambia kama kanda ni ya aina hiyo. Isipozingatiwa, hesabu zenu zitakwenda mrama kwa sekunde 3.6 kwa kila saa, na mtu atakuja kudai kwamba kanda imenyooka kwa joto. Nimeshalisikia hilo, likisemwa kwa uso mkavu.

Jambo la mwisho kuhusu msimbo wa wakati ni kwamba mashine huamini kuwa namba zinapanda. Ikitumwa mahali, husoma ilipo, hukadiria umbali, hukimbia, hupunguza mwendo ikikaribia, na hutulia. Kanda iliyorekodiwa kwa vipande ikiwa na namba zinazorukaruka huiacha mashine ikihangaika, ikienda mbele na kurudi nyuma ikitafuta namba isiyokuwepo pale ilipotarajiwa, mpaka ikate tamaa au mtu aihurumie. Programu yenu iwe na kikomo cha muda wa kutafuta, na iandike ni wapi ilipokwama.

Kati ya kaseti tunazozitumia kujaribia kikomo hicho kuna moja yenye kizibo kilichobonyezwa na lebo ya ziada kwa mwandiko wangu, isemayo "mwanya, 00:14:07 hadi 00:14:59". Siku ile jenereta ya msimbo ya rekoda ilikuwa imewekwa ianze kutoka sifuri, kwa hiyo ndani ya mwanya huo kanda inadai kwamba ni 00:00:00 na kuendelea hadi 00:00:51, kisha inarukia 00:14:59 kana kwamba hakuna kilichotokea. Mkiituma mashine kwenye 00:14:30 itafika, itasita, itarudi, itafika tena, na itarudi tena. Msifungue ripoti ya hitilafu. Hiyo ni yangu.